Andika Kisio Lako Kabla Hatujawasha Jiko

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi katika siku ya sayansi ya shule moja ya msingi, Eastlands, Nairobi, Jumamosi moja ya mwezi wa Juni. Nimeiandika upya nyumbani, na yale yaliyosemwa ukumbini nimeyaacha mahali pake.

Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi mlioketi sakafuni huku mbele mkinitazama kama kwamba nimekuja kuwadunga sindano: hamjambo?

Kabla sijaanza, tuna kazi. Kila mtoto amepewa kikaratasi. Hapa mezani nina jiko la gesi la mtungi mdogo, sufuria ya maji ya mfereji na kipimajoto. Maji haya nitayachemsha. Andikeni namba moja tu: yakitokota sawasawa, kipimajoto kitasoma nyuzi ngapi? Msichunguliane. Na nyinyi wazazi msijifanye haiwahusu, kalamu mnazo. Nimemwomba kijana wa gredi ya nane asimame kando ya jiko, asome kila dakika na kuandika ubaoni. Mwanangu, sufuria usiiguse, kazi yako ni macho. Haya, washa.

Yakiwa yanapata moto, tuzungumze.

Nimefundisha hisabati na sayansi katika shule za msingi za jiji hili kwa miaka 31, mingi yake upande huu huu wa Eastlands. Nimestaafu nikiwa nimezoea darasa la watoto 60, na wengine wakiketi watatu dawati la wawili. Kwa hiyo mkiona nasimama hapa kusifu sayansi ya vitendo, msidhani sijui mnapofundishia.

Mimi ni zao la mtihani. Darasa la nane lilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa mara ya kwanza 1985 na kwa mara ya mwisho 2023, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imo katikati ya miaka hiyo. Sayansi ilikuwa maswali yenye herufi nne, mtoto anachagua moja. Nami nilikuwa hodari wa kuwanoa. Mwanafunzi wangu aliweza kukutajia sehemu zote za ua, kutoka sepali hadi ovari, na hajawahi kupasua ua hata moja, ilhali uwanja wa shule ulikuwa umezungukwa na maua ya hibiskasi. Nilipongezwa kwa hilo. Nilipewa sufuria na blanketi siku ya wazazi.

Mtaala wa Umilisi ukaingia madarasani 2019, tukaambiwa sasa mtoto atende. Nilifurahi, sitadanganya. Kisha nikaanza kuona vitendo vyenyewe. Pita saa mbili usiku kwenye saiba yoyote ya mtaa, utakuta wazazi wamepanga foleni, huyu anachapisha picha ya mapafu, yule anauliza kama kuna ya rangi. Mama mmoja alinionyesha kwa fahari sayari nane zilizoning'inizwa kwenye waya, zimepakwa rangi zikapakika, Zohali na pete yake. Nikamwuliza kijana wake, kati ya Dunia na Mshtarii, ipi kubwa? Akanijibu, "Sijui, ni fundi alitengeneza."

(Kicheko.)

Mnacheka kwa sababu fundi huyo mnamjua. Namba yake ya simu mnayo.

Lakini nisiwalaumu wazazi peke yao, maana hata mtoto akifanya mwenyewe bado tunaweza kumharibia. Jaribio la maharagwe kwenye pamba ni la tangu enzi za wazee wetu. Mwalimu anasema: weka mbegu, mwagilia, baada ya siku chache zitachipua. Mtoto anaweka, anamwagilia, zinachipua. Amejifunza nini? Kwamba mwalimu hasemi uongo. Basi. Sasa chukua mche ule ule ukiwa na mzizi wa urefu wa kidole, laza mkebe ubavu, uufungie kabatini gizani, halafu uliza: mzizi utaendelea kunyooka kuelekea pembeni, au utapinda? Ukipinda, utapinda wapi, na utajuaje chini ni wapi, maana ni giza? Kila mtu aandike. Hapo ndipo utaona watoto wanakuja shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda kuchungulia kabati. Vifaa ni vile vile. Kilichoongezeka ni kwamba mtoto ameweka kitu chake rehani: ameandika kwa mkono wake anavyodhani, na sasa anataka kujua kama amepata au amekosa.

Ndilo jambo lililonileta. Mkono usiotanguliwa na kisio ni kibarua tu.

Ngoja kidogo. Nasikia sufuria inazungumza. Mwanangu, ubaoni umeandika nini?

(Mwanafunzi: "91, 93, 94, 94, 94.")

Na maji?

("Yanatokota sana, Mwalimu.")

Ongeza moto. Soma tena baada ya dakika moja. Bado 94? Haya. Inueni vikaratasi. Walioandika 100? Tazameni nyuma yenu: karibu ukumbi mzima, na meza ya walimu pia. Aliyeandika 80? Mmoja. Wewe ulikuwa na sababu gani? "Nilikisia tu." Afadhali wewe umekisia, hawa wengine wamekariri.

Sasa niambieni kweli: wangapi mnadhani kipimajoto hiki ni kibovu? Mikono mingi. Vizuri sana. Sasa tutajuaje?

(Msichana wa gredi ya tano: "Tutumie kingine." Mvulana aliyekuwa nyuma yake: "Tukiweke kwenye barafu tuone kama kitasoma sifuri.")

Mnawasikia hao? Wamefanya kwa dakika moja kitu ambacho mimi kilinichukua miaka.

Nilipoanza kazi, shule niliyopangiwa ilikuwa na kipimajoto kimoja, nacho kilikaa kwenye kabati la ofisi kama kikombe cha ushindi. Siku moja nilikitoa nikapeleka darasa la sita. Tulichemsha maji kwenye jiko la makaa uwanjani. Msichana wa dawati la tatu ndiye aliyesoma. "Mwalimu, ni 94." Nikamwambia arudie. 94. Nikamwita mwenzake: 94 na nusu. Nikakichukua mwenyewe, nikakitikisa kama wauguzi wanavyofanya, ambalo ni kosa jingine, nikakirudisha: 94. Mkono wa pili nimeshika kitabu, na kitabu kinasema 100. Nikawaambia watoto kipimajoto kimeharibika, andikeni 100.

Yule msichana alikuwa ameshaandika 94 kwa kalamu ya wino. Akachukua wembe akakwangua. Akakwangua mpaka karatasi ikatoboka, kisha akabana 100 pembeni ya tundu. Nilipokusanya madaftari jioni nililiona lile tundu, nikampigia alama ya vyema.

Mwaka 1998 Kenya na Japani zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi. Ulianza na wenzetu wa sekondari, baadaye ukatufikia na sisi wa msingi, na kituo chake kiko Karen, kile cha CEMASTEA. Katika mafunzo ya likizo moja mkufunzi alitugawia vipimajoto bila kutuambia lolote, akasema chemsheni maji, andikeni. Tulikuwa walimu kama 30. Wote tukapata 94 au karibu na hapo. Nusu yetu tukaandika 100. Watu wazima! Wenye vyeti! Tulikuwa tunatazama namba kwa macho yetu na mkono unaandika nyingine.

Nyuzi 100 ni za Mombasa. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyalalia juu. Pwani, usawa wa bahari, hewa yote iko juu yako na inaelemea kwa uzito wake kamili. Hapa tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, sehemu ya ile hewa tumeiacha chini yetu, na shinikizo lililobaki ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Mvuke haupati kazi kubwa, maji yanatokota mapema. Kwa hesabu ya harakaharaka, kila ukipanda mita 300 unapoteza nyuzi moja. Mtoto wa gredi ya saba mpe urefu wa Eldoret, mpe Kisumu, mpe Point Lenana pale Mlima Kenya ambayo ni mita 4,985, akutafutie. Kule Lenana atapata kama 83. Mtu akipandisha mahindi makavu na maharagwe kule akitarajia githeri, atakesha.

Na hapo kina mama mnanielewa kuliko walimu. Githeri ya Nairobi hukaa motoni kuliko ya Mombasa, na si kwa sababu gesi yetu ni dhaifu. Maji yakishatokota, hata uwashe moto wa kuunguza nyumba hayapandi tena. Joto la ziada linaondoka na mvuke. Mlichokiona ubaoni, 94, 94, 94, ndicho hicho. Sufuria ya presha inafanya nini? Inaufungia mvuke ndani, shinikizo linapanda, maji yanaruhusiwa kupita hata 100. Ni kama kuliteremsha jiko lako likawa chini kuliko Mombasa.

Kuna kisa ambacho kila mwalimu wa Afrika Mashariki angepaswa kukibeba mfukoni. Mwaka 1963, ng'ambo ya mpaka, nchi ikiitwa Tanganyika bado, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu wao ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingizwe kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona atakosa, akaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa baridi. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa, na jina lake likageuzwa dhihaka darasani. Hakuacha. Baadaye, akiwa shule nyingine, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, na Mpemba akauliza swali lile lile mbele ya watu. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne akasema atakwenda kujaribu. Akajaribu kweli, na mwaka 1969 majina yao wawili yalichapishwa pamoja kwenye jarida la ufundishaji wa fizikia.

Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara, na kwa nini. Lakini si hilo linalonigusa. Kinachonigusa ni kwamba katika kisa hicho kuna walimu wawili, na mimi najijua ni yupi kati yao.

(Mzazi mmoja, kutoka nyuma: "Mwalimu, hayo ni mazuri, lakini gesi ni pesa, na kipimajoto ni pesa.")

Ni kweli, baba. Shule nyingi zilizopokea gredi ya saba Januari 2023 ziliipokea bila maabara. Basi tuache gesi. Twende kwa mama mboga, au tuseme kwa yule anayeuza nafaka pale mbele ya duka. Anapima kwa nini?

(Watoto: "Gorogoro!")

Gorogoro. Mkebe ule tunauita wa kilo mbili. Gredi ya nne niliwapa swali moja tu: gorogoro ya mahindi, ya maharagwe na ya bisi, je, zina uzito mmoja? Mnadhani waliona ni swali la kijinga? Darasa liligawanyika. Kundi moja likasema mkebe ni mmoja, kwa hiyo uzito ni mmoja, imeandikwa kilo mbili. Bisi tulizikaanga nyumbani kwangu, nikabaki na sakafu ya kufagia siku mbili. Tukaazima mizani ya muuza nyama. Bisi zilipowekwa, mshale ulisogea kidogo tu kisha ukakaa, na kijana mmoja akabisha kwamba mwenye mizani anatuibia.

Halafu msichana mmoja akauliza swali ambalo sikulipanga: "Na gorogoro zenyewe ni sawa?" Tukakusanya tano kutoka kwa wachuuzi watano tofauti. Tukazijaza maji kwa chupa ya nusu lita, tukihesabu. Hazikuwa sawa. Mbili zilikuwa zimebonyezwa kitako kwa ndani, kidogo kidogo, kwa ufundi mkubwa. Wachuuzi sitawataja, nanunua kwao hadi leo. Ila kutoka siku hiyo, ujazo na uzito havijawahi kuchanganyika kichwani mwa watoto wale, na nina hakika mama zao waliambiwa usiku ule ule gorogoro ya nani ina kitako kirefu.

Hisabati nayo inataka kuchafua mikono. Watoto wangapi wameimba 22 kwa saba bila kujua imetoka wapi? Nilipeleka darasa Kamukunji, kwenye jua kali, ule mji wa nyundo. Tulikuta fundi anakata bati la ndoo. Nikawaambia watoto wakisie: upana wa mdomo wa ndoo ukiwa huu, bati la kuzungushia likatwe refu mara ngapi? Wengi walisema mara mbili. Fundi alicheka. Akasema, "Mara tatu na kidogo, halafu ongeza ya kukunja." Tulirudi shule na hiyo "kidogo" ikatusumbua wiki nzima. Kila mtoto alileta kifuniko cha sufuria na kipande cha kamba. Kuna waliopata 3 kamili, kuna aliyepata 3.3 kwa sababu kamba yake ilikuwa ya mpira, mwenzangu. Tulibishana: hiyo kidogo ni nusu? Hapana, ni nyingi mno. Robo? Bado ni nyingi. Moja ya kumi? Haitoshi. Kijana mmoja akakunja ukanda wa karatasi wenye urefu wa kipenyo mara nyingi nyingi, akaja na jibu: ni kama moja ya saba. Tatu na moja ya saba. Andika kwa sehemu moja uone ni ngapi kwa ngapi.

Kwa walimu wa watoto 60 nitasema machache. Msigawe vifaa kwa kila mmoja, makundi ya watano au sita yanatosha, lakini kisio kila mtoto aandike lake, jina juu. Chukua kikaratasi kabla jaribio halijaanza, la sivyo wote watakuwa "nilijua". Na namba ikikataa kufanana na kitabu, usikimbilie kuirekebisha. Kaa nayo. Sema mbele ya darasa, "Hata mimi sijui, tujaribu tena." Hilo halishushi heshima, niliogopa miaka mingi kwamba linashusha.

Wazazi, kwenu ni jambo moja: mtoto akileta kazi ya nyumbani iliyopinda, iliyopakwa gundi mpaka kwenye jina lake, iacheni hivyo hivyo. Na fundi mwacheni apumzike.

Sasa ni saa sita na robo na mkutano wetu haujaisha. Tangu saa nne, watoto wa gredi ya sita wamesimamisha kijiti cha mita moja pale karibu na mlingoti wa bendera, na kila baada ya dakika 15 wanatia jiwe penye ncha ya kivuli. Jana niliwauliza shule nzima maswali mawili: kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi, na wakati huo kitaelekea upande gani? Makisio yenu yamo kwenye mkebe huu, nimeufunga kwa selotepu. Nimechungulia machache. Wengi mmesema saa sita kamili, na kwamba hakutakuwa na kivuli kwa sababu Nairobi iko karibu na ikweta.

Sitawapa jibu. Nitawapa namba tatu tu. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45, ambayo inapita karibu na Mogadishu. Sisi tuko karibu na 37. Na Dunia inazunguka digrii moja kwa dakika nne. Kuhusu upande, kumbukeni tu kwamba huu ni mwezi wa Juni, na hibiskasi zile za ukuta wa kusini leo mchana zina kivuli upande ambao Desemba hazikuwa nacho.

Asubuhi nilihofia wingu la Juni litatuaibisha, na mawe mawili hayakuwekwa kwa sababu hapakuwa na kivuli cha kuwekea; watoto wameandika hivyo, "hakuna jua," wala hawakubuni. Sasa naona dirishani pameng'aa. Mwanangu, zima gesi. Tutoke polepole, walio karibu na mlango kwanza, na mtu asikanyage mawe. Wale walioandika kwamba hakutakuwa na kivuli wasimame na mimi, karibu kabisa na kijiti. Hata mimi nilisema hivyo hivyo miaka mingi.